Umri wa Bibi Mmoja wa Usukuma

Mwaka 2000, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Geita, fundi aliyekuwa akisawazisha saruji ya kaburi alitugeukia akauliza: "Niandike mwaka gani?" Jina la marehemu alikwisha kuandikiwa katika kipande cha karatasi, na mwaka wa kufa ulijulikana kwa kila aliyekuwapo. Uliokosekana ni mwaka wa kuzaliwa. Wazee walishauriana kwa kitambo. Mmoja alisema marehemu alizaliwa kabla ya reli. Mwingine alisema kuwa wakati wa nzige alikuwa msichana mkubwa wa kuteka maji. Wa tatu akakumbuka kwamba mama wa marehemu alizoea kusimulia jinsi alivyojifungua katika msimu wa ile homa iliyoua watu baada ya vita vya Wajerumani. Kisha wote wakatutazama sisi, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tumeajiriwa serikalini na tuliozoea kujaza fomu zenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Hatukuwa na jibu.

Marehemu alikuwa bibi yetu mzaa baba. Hakuwa mtu wa kutajwa vitabuni. Hakuzaliwa katika nyumba ya mtemi, hakuongoza chama, hakusoma shule. Madaftari ya kodi ya serikali ya kikoloni yaliandika wanaume, naye akapita katikati ya kurasa zake bila kuacha alama. Miaka miwili kabla ya kifo chake tuliketi naye jioni chache tukiwa na daftari la kurasa 32, tukajaza kurasa 11 tu, kwa maana likizo yetu ilikwisha na tulidhani kwamba mwaka uliofuata tungeendelea. Insha hii imetungwa kutokana na kurasa hizo 11, pamoja na yale ambayo historia inayafahamu kwa hakika. Nia yake ni kumjibu yule fundi.

Wazee wetu wa Kisukuma hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Waliipa majina: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka wa kufyeka pori. Walimu wengi, nasi tukiwamo katika ujana wetu, wameidharau kalenda hiyo kuwa ni kubahatisha. Lakini ukiichukua ile kauli ya mzee wa tatu ukaiweka kando ya kalenda ya dunia, utaona kwamba haibahatishi hata kidogo. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza mwezi Julai 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo vita vyenyewe vilikwisha kuondoka Usukuma mapema. Hata hivyo watu waliochukuliwa kuwa wapagazi walikuwa bado njiani na mizigo ya majeshi, na Jenerali Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Miezi hiyo hiyo homa ya mafua makali iliizunguka dunia kwa meli, kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi waliorejea makwao, ikaua makumi ya mamilioni ya watu. Hiyo ndiyo homa ya mama mkwe wa babu yetu. Mwanawe, basi, alizaliwa mwishoni mwa 1918 au miezi ya mwanzo ya 1919, wakati wa kupanda mtama. Alikuwa akitambaa wakati Mkataba wa Versailles ulipotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 na Ujerumani kunyang'anywa makoloni yake. Alikuwa akichunga ndama mwaka 1922, Shirikisho la Mataifa lilipoiweka Tanganyika rasmi chini ya udhamini wa Uingereza. Hakuna aliyemwambia.

Kijiji alichozaliwa kiko Shinyanga, mwendo wa asubuhi moja kutoka mahali ambapo baadaye pangeitwa mgodi wa Mwadui. Jambo la kwanza alilolikumbuka kwa macho yake mwenyewe ni ufyekaji wa pori. Hapa hapana budi turudi nyuma kidogo. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, uliteketeza mifugo. Malisho yakakosa wa kuyala, vichaka vikaota, na ndani ya vichaka wakaja ndorobo. Baada ya vita serikali ya Kiingereza ilimweka Charles Swynnerton, ambaye kwanza alikuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini, kuchunguza jinsi ya kumshinda mdudu huyo, naye akaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wake mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa shoka na moto. Watemi waliamrisha, na maelfu ya watu wakatoka kwa zamu kukata miti. Bibi alikumbuka kumpelekea baba yake chakula, michembe iliyochemshwa ndani ya kibuyu, na kuona mstari wa wanaume ambao mwisho wake haukuonekana. Alikumbuka pia furaha yao. Ng'ombe walirudi, na nchi ikawa nyeupe mpaka upeo wa macho. Tunamwomba msomaji aiweke akilini miti hiyo iliyokatwa, kwa maana itarudi katika habari hii kwa njia ambayo hakuna mmoja wa wafyekaji angeweza kuifikiri.

Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Kwa reli hiyo pamba ya Usukuma ilitoka kwenda viwandani ng'ambo, na kwa njia hiyo hiyo bei ya ng'ambo iliingia katika nyumba za Wasukuma. Mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Katika muda wa miaka mitatu tu bei ya pamba duniani ilishuka chini ya nusu. Kodi ya kichwa haikushuka hivyo. Nzige nao wakaja miaka hiyo hiyo, wakala kilichokuwapo shambani. Bibi hakupata kusikia jina la New York, lakini aliujua mdororo ule kwa sura nyingine: baba yake aliuza madume mawili ili alipe kodi, na madume hayo yalikuwa yametengwa kwa mahari ya kaka yake.

Sasa tunafikia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililoamua maisha ya Bibi kuliko lingine lolote, nalo ni bei ya wakia moja ya dhahabu. Mwezi Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu, na mwezi Januari 1934 Rais Roosevelt wa Marekani akapandisha bei rasmi ya wakia kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35. Mawe ambayo zamani yalikuwa hayalipi gharama ya kuyachimba yakaanza kulipa. Kote Tanganyika, kuanzia Lupa huko Chunya mpaka Musoma, watafutaji wa dhahabu walitawanyika. Wajerumani walikwisha kuiona dhahabu ya Geita tangu mwaka 1898, ila sasa ndipo ilipopata thamani ya kuchimbiwa mashimo marefu. Tangu mwaka 1936 hadi 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika ya Mashariki, ukatoa wakia zipatazo milioni moja, yaani kama tani 30.

Kijana aliyemposa Bibi alikuwa maskini wa ng'ombe. Pamba haikumpa kitu. Akasikia kwamba ng'ambo ya ghuba ya Mwanza kuna shimo ambalo Wazungu hulipa fedha taslimu kila mwezi. Akapanda gari la moshi hadi Mwanza, akavuka maji, akatembea. Baada ya misimu mitatu alirudi na fedha za ng'ombe, akaoa. Tunaposema kwamba Roosevelt alichangia mahari ya bibi yetu watu hucheka, nasi tunacheka nao, lakini hesabu ndivyo inavyosema.

Babu aliendelea kwenda na kurudi. Alisimulia machache juu ya chini kule: joto, maji yaliyodondoka shingoni, na taa iliyozimika mara moja akakaa gizani akihesabu pumzi zake mpaka wenziwe walipomfikia. Dhahabu yenyewe hakuiona. Aliona mawe ya kijivu yakipandishwa juu.

Vita vya pili vilimchukua kaka yake Bibi, yule yule ambaye mahari yake yalikwenda kwenye kodi. Aliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, akavuka bahari. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, kwenye mvua isiyokatika, matope na malaria, hata wakafika Kalewa mwezi Desemba. Alirudi akiwa na koti zito la jeshi na maneno machache. Bibi alisema kwamba kaka yake aliyeondoka alikuwa mwimbaji wa ngoma za Bagalu. Aliyerudi aliketi mbali ngoma ilipolia. Katika vitabu vya shule tunawafundisha vijana kwamba askari waliotoka Burma walileta fikra za uhuru. Ni kweli kwa baadhi yao. Wengine walileta ukimya, na ukimya huo nao ni sehemu ya historia ya nchi yetu, ingawa mtihani hauuulizi.

Wakati huo huo, jirani kabisa na kijiji cha kuzaliwa kwake, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alikwisha kugundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu lilichimbuliwa Mwadui, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake ya tarehe 20 Novemba. Jiwe lilichongwa likabaki karati 23 na kitu, likawekwa katikati ya ua la kuvaliwa kifuani. Mwaka huo huo India ilipata uhuru wake. Bibi, wakati huo, alikuwa na watoto watatu, na habari ya jiwe aliisikia sokoni kama hadithi: kwamba ardhi waliyochungia ng'ombe ilikuwa na macho. Uzio wa mgodi aliuona kwa mbali. Ua lile hakuliona kamwe, wala hatudhani kwamba lingempendeza, alipenda shanga.

Shinyanga ilikuwa imejaa watu na ng'ombe. Serikali, katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilihimiza watu wa Shinyanga, Maswa na Kwimba wahamie magharibi, katika pori la Geita. Babu aliijua njia, maana alikwisha kuipita mara nyingi. Mwaka 1950 au karibu na hapo alimchukua mkewe, watoto na ng'ombe wanane, wakavuka ghuba. Wakafyeka tena pori, safari hii kwa ajili ya shamba lao wenyewe. Muda si muda vita vya Korea vilifanya mataifa makubwa yagombee malighafi, na mwaka 1951 bei ya pamba ilipanda kuliko walivyowahi kuiona. Bibi alinunua cherehani. Alikuwa akiisema cherehani hiyo kwa heshima, kama watu wengine wasemavyo kuhusu mtoto aliyefaulu.

Lakini mizani ya wanunuzi ilikuwa na ulimi wake. Mkulima aliona mzigo wake ukipungua uzito kati ya nyumbani na dukani, na hapo ndipo ushirika ulipozaliwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ukakua mpaka mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyo ushirika ulikuwa ndio mdomo wa watu. Mwaka 1958 wakulima wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilobandikwa, wakaenda Mwanza kwa maelfu kutoa malalamiko, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Ghana ilikuwa huru mwaka mmoja kabla. Babu alikwenda. Bibi alibaki na mifugo, na alipoulizwa miaka arobaini baadaye kuhusu siku zile alisema kwamba alikamua ng'ombe wote peke yake kwa siku nyingi, na kwamba mumewe aliporudi macho yalikuwa yamevimba. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulimkuta anafahamu vizuri ni kitu gani kimefika.

Miaka iliyofuata uhuru tutaipitia kwa haraka, kwa sababu wasomaji wetu wanaifahamu. Utemi uliondolewa mwaka 1963. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967. Katika darasa la watu wazima Bibi alijifunza kuandika jina lake, na tunalo daftari ambalo ameliandika jina hilo mara 40. Mwezi Julai 1969 redio ilipotangaza kwamba watu wamekanyaga mwezi, aliuliza kama huko kuna maji. Alipoambiwa hakuna, akaenda kukamua. Lakini tukio moja la miaka hiyo halikutangazwa kwa kishindo. Mwaka 1966 mgodi wa Geita ulifungwa. Bei ya dhahabu ilikuwa bado dola 35, ile ile ya mwaka 1934, huku mishahara, vyuma na mafuta vikiwa vimepanda kwa zaidi ya miaka thelathini. Mashine zikanyamaza, mashimo yakajaa maji. Babu, ambaye mapafu yake hayakuwa mazuri, aliishi miaka minne zaidi. Alifariki mwaka mmoja kabla Rais Nixon, tarehe 15 Agosti 1971, hajakata kamba iliyoifunga dola na dhahabu. Bei ikafunguliwa, na mwezi Januari 1980 ikapita dola 800. Tungependa sana kujua angesema nini.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Nia ya kuwakusanya watu karibu na shule, zahanati na maji haikuwa mbaya, na mabomba mengine yanatoa maji mpaka leo. Lakini mjane mwenye shamba la mbali alitakiwa kuhama katika msimu wenye ukame, na Bibi hakuwa na mwanamume wa kumjengea. Akachagua kurudi Shinyanga kwa kaka yake wa Burma.

Alirudi katika nchi isiyo na miti. Ile nchi nyeupe iliyowafurahisha baba zake ilikuwa imezidi kuwa nyeupe. Pamba na mifugo vilimaliza vilivyobakia. Kuni zilipatikana kwa mwendo wa nusu siku, kwa hiyo wanawake walipikia samadi ya ng'ombe iliyokaushwa. Moshi wa samadi ni mkali. Huyafanya macho ya mpishi kuwa mekundu, na mwanamke aliyepikia samadi kwa miaka kumi huwa na macho mekundu daima. Ni katika miaka hiyo hiyo, tangu 1970 na kuendelea, vikongwe wengi wa Usukuma walipouawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Shoka lililomfukuza ndorobo ndilo, kwa mzunguko wa miaka hamsini, lililompa Bibi macho ya kumhukumu. Kaka yake alipofariki, minong'ono ilianza. Kwanza watoto wa jirani waliacha kuja kuomba maziwa. Kisha usiku mmoja mtu alipanda kijiti mbele ya mlango wake, na Bibi alifahamu maana yake. Hakulala ndani ya nyumba hiyo tena. Alilala zizini, kati ya ng'ombe, mpaka barua iliyoandikwa na mwalimu wa kijiji ilipomfikia baba yetu. Ilikuwa mwaka 1987. Baba alikwenda kumchukua kwa lori la pamba. Sisi tulikuwa kijana wa sekondari, tukaambiwa kwamba Bibi anakuja kwa sababu ya uzee. Ukweli wenyewe uko katika ukurasa wa nane wa daftari letu, na tulipouandika mkono wetu haukuwa imara.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1986, serikali ilikwisha kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakaanza kuzirudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma, ambamo miti na nyasi huachwa zipumzike. Leo ngitili zimefunika mamia ya maelfu ya hekta. Mti wa kwanza wa ngitili ya kijiji chake Bibi hakuuona.

Geita aliyoirudia ilikuwa imeamka. Bei mpya ya dhahabu ilikuwa imewaleta vijana kutoka kila upande, wakichimba kwa sululu na kusaga mawe kwa mikono huko Nyarugusu na kwingineko. Wajukuu wake wawili walikuwa miongoni mwao, na aliwauliza kila jioni kama taa zao zina mafuta ya kutosha, ingawa walitumia tochi. Kisha makampuni makubwa yakaja kupima vilima. Mwaka 2000, mwaka wake wa mwisho, mgodi mpya wa Geita ulianza kutoa dhahabu katika eneo lile lile alilolichimba mumewe. Safari hii kilima kizima kilifunguliwa kutoka juu. Milio ya baruti ilisikika mpaka uani. Alisema tu kwamba mzee angeutambua mlio huo.

Nafasi aliyoiacha fundi mbele ya 2000 ilibaki wazi kwa muda mrefu, kwa maana saruji haikungoja mashauri yetu. Miaka michache iliyopita tulikwenda na kopo la rangi nyeusi tukaandika 1918. Binamu yetu mmoja, ambaye ni mwalimu, anashikilia kwamba ingalipasa kuwa 1919, na huenda ana haki, kwa sababu msimu ule wa kupanda mtama ulivuka mwaka.